Usinitumie picha ya namba, nitumie picha ya rejeta

Haipiti wiki mbili bila mtu kuniuliza kuhusu kununua Toyota Harrier. Mimi si fundi. Ninalo moja tu, tako la nyani (ndivyo tunavyoliita Harrier la toleo la pili) la 2005, na limeshanilipisha ada ya kutosha kunifanya niwe na maneno. Swali huja na picha, na picha yenyewe karibu kila mara imepigwa kwa nyuma, namba ikisomeka vizuri. "Kaka, namba E hii, milioni 25. Nichukue?"

Namba E maana yake gari limesajiliwa Tanzania miaka ya karibuni (C na D ni za kabla yake), basi. Tako la nyani lilianza kuuzwa Japani mwaka 2003, kwa hiyo hata lililoshuka bandarini juzi laweza kuwa na sili, hozi na bushi za mpira za miaka ishirini. Mpira hauangalii herufi. Tena lile la namba C lililokaa na mzee mmoja mkali wa kumwaga oili kwa wakati, mimi ningelichukua kabla ya hilo la E, ila najua hutanisikiliza, kwa sababu jirani anasoma namba, hasomi daftari la service.

Langu lilikuwa namba D. Aliyeniuzia alikuwa amelipiga polishi hadi dashibodi inateleza. Niliwasha, nikasikiliza injini, nikakanyaga breki mbili tatu, nikawasha AC, nikaridhika. Kifuniko cha rejeta, pale maji ya kupoza injini yanapopoa, sikukigusa.

Desemba hiyohiyo tukapakia watoto, mama mkwe na magunia yake, tukaelekea Iringa. Kitonga, katikati ya mlima, nyuma ya lori la mizigo linalotambaa, AC ikaanza kutoa hewa ya moto. Nikadhani gesi imeisha. Kumbe mshale wa joto ulikuwa umeshapanda juu kabisa na mimi namsikiliza mama mkwe. Nikasogea pembeni, nikafungua boneti, mkono tayari uko kwenye kifuniko. Utingo mmoja wa lori akapiga kelele kutoka mbali: "Mzee, acha! Itakuunguza uso!" Tukakaa kwenye ukingo wa barabara karibu saa nzima. Alipokuja kukifungua mwenyewe, na tambara mkononi, akachovya kidole akanionyesha. Uji wa ulezi. Rangi ileile, uzito uleule.

Hayo yalikuwa maji ya kisima ya Dar, yale ya chumvi ambayo hata chai hayafai, yaliyokuwa yakiongezwa humo miaka na miaka. Injini ya Harrier la cc 2362, ile 2AZ ambayo iko pia kwenye RAV4, Camry na Alphard, ina bloku (mwili wa injini) na hedi (kichwa chake cha juu) za aluminiamu. Kulanti, kile kimiminika cha kupoza injini, si maji yenye rangi ya kupendeza. Ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu na inachelewa kuchemka. Ukimwaga hiyo ukaweka maji ya chumvi, njia nyembamba za rejeta zinaziba kidogokidogo na wewe huoni kitu, kwa sababu kwenye foleni ya Mwenge hadi Morocco, hapa Dar, feni inakuokoa. Siku utakayopanda mlima ukiwa umejaza watu saba ndiyo siku ya hukumu.

Na 2AZ ina udhaifu wake unaojulikana: nyuzi za bolti za hedi kwenye bloku (mikato ambamo bolti inajikaza), hasa upande wa nyuma unaotazama kabini, zinaweza kulegea na kung'oka. Gasketi, kizibo kilicho kati ya hedi na bloku, inaachia, maji yanavuja polepole mahali ambapo macho hayafiki. Gari likichemshwa mara kwa mara ndiyo kabisa. Dawa ni kushusha hedi, kutoboa upya na kupachika nyuzi za chuma. Fundi atakayebadilisha gasketi tu na kukaza bolti zilezile kwenye nyuzi zilezile atakurudisha kwake ndani ya miezi.

Langu halikufika huko, lakini hedi ilikuwa imepinda, ikapelekwa kusawazishwa. Rejeta mpya, pampu ya maji, gasketi, oili, ufundi: kama milioni 1.8. Na fundi alipofungua mahali pa termostati (valvu ya maji ya kupoza injini) akakuta patupu. Mtu alishaitoa zamani. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Muulize fundi wa mtaani kwa nini, atakwambia "Bongo joto, haina kazi." Termostati haiwekwi kwa ajili ya baridi ya Japani. Inafunguka kwenye nyuzi joto 80 na kitu ili injini ifike joto lake la kazi na ikae hapo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado asubuhi, inamwaga petroli zaidi. Halafu mwenye gari analalamika kwamba Harrier linakunywa.

Linakunywa kweli, tusidanganyane. Mimi natoka Goba kwenda Posta, kwenda na kurudi kama kilometa 45. Kwenye foleni napata kilometa nane kwa lita nikiwa na bahati. Siku 22 za kazi, tukihesabu petroli kwa 3,000 kwa lita, ni kama laki tatu na sabini kwa mwezi kabla hujampeleka mtoto kliniki wala kwenda msibani Kibaha. Bima kubwa nayo ni asilimia 3.5 ya thamani, juu yake VAT. Kwa gari la milioni 25 unapita milioni moja kwa mwaka. Ada ya barabara ilifutwa mwaka 2017 ikahamia kwenye mafuta, kwa hiyo hiyo unailipa ukiwa umekaa kwenye foleni.

Shokapu, bushi na stebilaiza linki sizihesabu hata kama ubovu. Kwa barabara za mitaa yetu hizo ni kama sabuni, zinaisha tu. Gia boksi ya injini hii ya lita 2.4 ni otomatiki ya kawaida, ngumu, mradi ipewe oili yake ya T-IV na si "ATF (oili ya gia otomatiki) yoyote nyekundu".

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukiwa na milioni 25, tafuta gari la milioni 21. Zilizobaki ni za matengenezo, si za rimu wala redio ya skrini. Na uende kuliona asubuhi, kabla mwenyewe hajaliwasha, ufungue kifuniko cha rejeta likiwa la baridi, uchovye kidole.

Juzi yule wa namba E nilimwandikia hivyohivyo: nitumie picha ya ndani ya rejeta. Baada ya nusu saa simu ikalia. Alikuwa ametuma picha nne. Zote za viti vya ngozi.