Heri Nipimwe Nikiwa Hai

Ajenti wa bima ya maisha aliyekuja dukani kwangu hapa Arua, Uganda, alikuwa na haraka. Fomu alijaza mwenyewe, na kila penye swali la ugonjwa akatia "hapana" kabla sijafungua mdomo. Presha? Hapana. Sukari? Hapana. Sigara? Nilikuwa nimeishika mkononi, jamani, na bado akaandika hapana. "Usijali mzee, bima yetu haina mambo ya kupimana."

Nikamrudishia fomu yake. Nilikuwa nimekumbuka msiba wa rafiki yangu wa sokoni. Alikata bima ya namna hiyo, akalipa kila mwezi bila kukosa, akafa kwa figo. Mjane alipopeleka karatasi, kampuni iliomba faili la hospitali, ikakuta marehemu alianza dawa za presha kabla ya kutia sahihi. Fomu ilisema hapana. Shemeji akarudi nyumbani na barua ya mistari mitatu.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosifu bima isiyo na vipimo. Vipimo vipo, vimeahirishwa tu hadi siku ambayo mwenyewe hawezi kujibu. Anayeomba bima anatakiwa aseme yote anayoyajua kuhusu hali yake; Jaji Mansfield wa Uingereza aliamua hivyo mwaka 1766, na sisi tumeirithi sheria hiyo pamoja na reli na chai.

Basi nikaenda kampuni nyingine, ile ya kupima. Uzito, urefu, mkojo, sukari ya damu, virusi vya UKIMWI, ini. Nilifika kwa boda, nikapanda ngazi mbio, nikafungwa mkanda wa presha papo hapo: 158 kwa 96. Nikamwomba sista anipe dakika 10 nikae kimya. Ikashuka 138 kwa 86. Nisingeomba, ile ya kwanza ndiyo ingeandikwa, na ningeilipia miaka 20. Sukari nayo ilinirudisha kesho yake, maana nilikuwa nimeshakunywa chai na chapati. Sigara haifichiki, mkojo unaisema hata siku kadhaa baada ya kuizima.

Wengi wanaogopa kipimo cha virusi, na hapo lawama naziweka kwa kampuni. Mtu anayemeza dawa zake kila siku hadi virusi havionekani kwenye damu hali yake si ya mgonjwa wa 1987, lilipoanza TASO, shirika letu la kusaidia wenye UKIMWI. Anayemkataa bila kuuliza hali ya virusi vyake hajafanya hesabu yoyote, ameogopa tu.

Lakini kilichonikera hasa ni majibu. Damu yangu, mkojo wangu, halafu naambiwa, "Tunatuma kwa kampuni." Nikaandika barua, nikataja sheria ya 2019 ya kulinda taarifa za watu, inayonipa haki ya kuona zangu. Wiki ya pili wakanipa nakala. Bei ilikuwa imepanda kwa ajili ya sigara, sawa, hiyo nimeitafuta mwenyewe. Na chini kabisa: homa ya ini aina ya B sina, wala kinga yake sina. Huku kaskazini, ambako ugonjwa huo umetuzika wengi, nilikuwa natembea tu hivyo hivyo.

Jumatatu nilikwenda kuchomwa sindano ya kwanza. Nakala ya majibu, pamoja na ile fomu niliyoijaza kwa mkono wangu, mke wangu ameifungia sandukuni kwenye hati ya kiwanja.