Mtaalamu akistaafu, shamba la majaribio hubaki na nani?

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007 pale Chimwaga. Mtu aliyeajiriwa mwaka uliofuata akiwa na miaka 43 alifikisha 60 mwaka 2025, na sitini ndio mwisho wa ajira kwa mtumishi wa kawaida wa umma. Maprofesa na wahadhiri waandamizi wameongezewa hadi 65. Kwa hiyo vyuo vya hapa katikati ya nchi vinaingia kipindi kigeni kwao: kizazi kilichoanza navyo kinaaga. Na ni kipindi hikihiki ambacho wakulima wa Hombolo, Mvumi, Bahi na Kongwa wanauliza, tena kwa haki, chuo kilicho jirani kinawafaa nini.

Ofisini maswali haya mawili hayakutani. La wakulima lina jalada lake kwa watu wa utafiti na ushauri wa kitaalamu. La wastaafu liko utumishi, na mara nyingi huishia kwenye hafla: hotuba, cheti, zawadi ya mabati au jokofu, picha ya pamoja. Sisi tunaona ni jalada moja. Chuo kisichojua kumuaga fundi sanifu wake wa shamba, yule anayetunza majaribio, hakitaweza kumsaidia mkulima kwa zaidi ya misimu miwili mitatu. Wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito.

Tuanze shambani, maana huko ndiko mambo yanakoonekana.

Dodoma hupata takriban milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, katika msimu mmoja wa Desemba hadi Aprili. Kinachomuumiza mkulima hasa ni mpangilio wake. Mvua hukatika Januari mwishoni au Februari, wiki mbili hata tatu, na mtama uliopandwa katikati ya Desemba unakuwa ndio unakaribia kuchanua. Macia, mbegu bora ya mtama, ni fupi na hukomaa kwa siku kama 110, hivyo huwahi. Mtama mrefu wa kienyeji huchelewa zaidi ya hapo. Kwenye karatasi shauri limekwisha: gawa Macia, kilo tatu hadi nne kwa eka, basi.

Kijijini mambo ni mengine. Ukiwapa mbegu hiyo wakulima watatu peke yao, mtama wao utakomaa wakati wa majirani bado haujabeba punje. Kweleakwelea wote wa bonde lile watashukia mashamba matatu. Ndege mmoja hula kama gramu 10 kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege 100,000 hubeba tani nzima kabla jua halijazama. Tena Macia ni mweupe, haina ule ukakasi wa mtama mwekundu unaowachosha ndege. Mwenye shamba analazimika kuwinga ndege tangu alfajiri, wiki baada ya wiki, na watoto hukosa shule kwa ajili hiyo. Mwaka wa pili anarudi kwenye mbegu ya babu yake. Ripoti ya mradi itasema mkulima hakupokea teknolojia, kumbe alipiga hesabu sahihi. Fundi aliyekaa na kijiji miaka kumi angewaambia mapema: ama kaya 30 za bonde moja zipande ndani ya wiki moja, au mbegu isigawiwe kabisa.

Au tazama mashimo ya Chololo, ubunifu uliozaliwa katika kijiji cha Chololo hapahapa Dodoma. Unachimba shimo la upana na kina cha sentimita kama 20 hadi 25, mashimo yakiachana sentimita 60 katika mstari na 90 kati ya mstari na mstari. Chini unatia majivu ya kufukuza mchwa, kisha samadi, kisha mabaki ya mazao, halafu udongo. Maji ya mvua yanatulia humo na mmea unavuka kile kiangazi cha Februari. Ni mbinu nzuri kweli. Lakini piga hesabu: eka moja ina mashimo karibu 7,500. Anayechimba 100 kwa siku anahitaji siku 75, na samadi ya nusu kilo kila shimo ni karibu tani tatu na robo tatu. Kaya isiyo na ng'ombe itaitoa wapi? Mkulima wa namna hiyo huendelea kuberega, yaani kufyeka, kuchoma na kupanda bila kulima, kwa sababu ndiyo njia inayolingana na mikono aliyonayo. Msaada wa kweli kwake ni robo eka ya mashimo, mashimo 1,900 hivi, yachimbwe kidogo kidogo kuanzia Julai ardhi ikiwa bado haijawa ngumu mno, na sehemu iliyobaki ya shamba iachwe ilivyo. Hilo pia hulijui kwa kusoma. Na kwenye udongo mzito wa mbuga, mwaka wa mvua nyingi kama ule wa El Niño wa 2023/24, shimo hilohilo hutuamisha maji na mbegu huoza. Mbinu inayojaribiwa misimu miwili inaweza kuangukia miaka miwili ya mvua nzuri ikasifiwa bure, au miaka miwili mibaya ikatupwa bure.

Hapa ndipo daftari linapoingia. Fundi sanifu mzuri wa shamba huwa na daftari la jalada gumu, kurasa zimejaa vumbi jekundu. Kila siku saa tatu asubuhi amesoma kipimamvua na kuandika kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka ukilowa. Pembeni ya namba kuna maneno mafupi: kitalu cha 14, kichuguu upande wa mashariki, usihesabu; kitalu cha 9, kiduha kimerudi. Kiduha ni kile kigugu kinachojishika kwenye mizizi ya mtama na kuunyonya, na mbegu zake hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Anayejua kilikuwa wapi mwaka 2014 ndiye anayeweza kueleza kwa nini mbegu mpya imedumaa pale leo. Bila daftari lile, mtafiti kijana atalaumu mbegu.

Upande wa pili unasema hivi. Kazi ya chuo ni kufundisha. Ada ya mwanafunzi haikulipwa ili inunue samadi ya mtu wa Mvumi. Serikali ina taasisi yake ya utafiti wa kilimo, TARI: ina TARI Hombolo kwa ajili ya mtama na uwele, ina TARI Makutupora kwa zabibu, ina maofisa ugani katika kata. Chuo kikiingia na semina zake na mashamba darasa yake, mkulima anapata washauri watatu wenye kauli tatu. Hoja hii ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Kibanda cha Nane Nane pale Nzuguni chenye mabango na matunguli ya mbegu hakijawahi kumwongezea mtu gunia. Tunakubali pia kwamba chuo hakifai kugawa pembejeo. Kikigawa mwaka huu, mwakani kinangojewa.

Lakini kuna kazi ambazo hakuna mwingine jirani wa kuzifanya. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu kwenye nafaka na karanga, iliua watu Dodoma na Manyara. Kata haina maabara ya kupima, chuo kinayo au kinaweza kuwa nayo. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo, huwezi kukiona kwa macho wala kukionja. Na sababu mojawapo ya sumukuvu kwenye karanga za hapa ni tendo dogo la nyumbani: kuloweka maganda ili karanga zibanduke kwa urahisi kwa vidole. Unyevu ule ndio karamu ya kuvu. Mashine ndogo ya mkono ya kubangua, ikitengenezwa na wanafunzi wa uhandisi kwa vipimo vya karanga za hapa, inamaliza haja ya kuloweka. Kazi nyingine ni kumbukumbu ndefu. Mradi wa mfadhili huisha baada ya miaka mitatu, chuo kinabaki palepale. Kongwa iko mwendo mfupi tu kutoka hapa kutukumbusha: Mpango wa Karanga wa Waingereza ulianza 1947 ukavunjwa 1951. Walileta matrekta na wataalamu, lakini hawakuwa na rekodi ya kutosha ya mvua wala subira ya kuwauliza Wagogo kuhusu udongo ule ambao jua likiupiga hugeuka jiwe, karanga zikabaki humo humo.

Sasa mstaafu. Heshima yake ya kwanza ni karatasi kuliko zawadi, na hapa vyuo vingi vinakosea bila kukusudia. Chukua fundi mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 900,000 katika miaka yake mitatu bora na michango ya miezi 204, yaani miaka 17. Kanuni ni mshahara wa mwaka mara miezi, gawanya kwa 580: anapata kama 3,798,600 za pensheni ya mwaka. Mkupuo, yaani malipo ya mara moja anapostaafu, ni namba hiyo mara 12.5, kisha asilimia yake. Asilimia ilikuwa 33 mwaka 2022, na mwaka 2024 ikatangazwa kupanda hadi 40 kwa kundi moja na 35 kwa jingine kulingana na mfuko aliokuwa akichangia kabla mifuko haijaunganishwa. Kwa hiyo mkono wake utapokea kati ya milioni 16.6 na milioni 19, na kutokana na asilimia iliyobaki, kila mwezi kati ya 190,000 na 206,000. Mwaka mmoja wa michango usipoonekana, anapoteza moja ya kumi na saba ya kila kitu, maisha yake yote. Hakuna jokofu linalofidia hilo.

Ndiyo maana jalada lifunguliwe miezi kumi na miwili kabla. Barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, ya cheo cha mwisho, kitambulisho cha taifa, taarifa ya michango kutoka PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Kinachokwamisha zaidi ni majina: barua ya 2008 ina majina mawili, kitambulisho kina matatu, moja limeandikwa kwa herufi tofauti. Jambo la kula kiapo na kurekebisha huchukua majuma, na likigunduliwa baada ya kustaafu, majuma hayo mtu anakula akiba. Kisha kuna nauli na gharama za kusafirisha mizigo kwenda kwao. Ni stahili yake, na ikicheleweshwa, mtu hubaki mjini akipanga chumba akingoja malipo.

Hafla yenyewe? Tuna maoni tofauti na wanaoibeza. Mtu aliyefagia maabara miaka 17 hajawahi kuitwa jina lake mbele ya umati, na siku ile familia yake inasikia. Iwepo. Ila iwe baada ya karatasi kukamilika.

Linalobaki ni gumu zaidi: vipi ujuzi wake usiondoke naye. Wengine wanataka astaafu kisha apewe mkataba. Wanaopinga wanauliza vijana wenye shahada waliojaa mitaani watapata kazi lini kama wazee wanarudishwa. Wana haki, na tunaongeza kwamba si kila mzee ana ujuzi wa kurithisha, wapo waliorudia mwaka mmoja mara kumi na saba. Lakini tatizo halisi ni kalenda. Tarehe ya kustaafu hufuata siku ya kuzaliwa, msimu haufuati. Fundi akiondoka Februari 10, mtama uko kwenye kuchanua, na mrithi wake huenda bado anangoja kibali cha ajira. Jaribio la mwaka mzima linakufa katikati.

Kwa hiyo mkataba tunaoutetea ni mfupi na hauzibi nafasi ya mtu: kuanzia siku ya kustaafu hadi mavuno ya Juni, halafu basi. Kibali cha mrithi kiombwe miaka miwili kabla ili watembee pamoja misimu miwili, mzee akionyesha, kijana akiandika. Majaribio yapimwe kwa namna moja: kitalu cha mita 10 kwa 10 kwa kamba, mazao yapimwe kwa mzani wala si kwa debe, kilo zizidishwe mara 40 kupata za eka. Kilo 8 kitaluni ni 320 kwa eka. Mkulima anaielewa hesabu hiyo papo hapo.

Kuhusu daftari, wanasheria wa chuo watasema ni mali ya mwajiri, na wana hoja. Lakini anayehisi atanyang'anywa huandika kidogo. Tungependa hafla ya kumuaga ifanyike shambani siku ya kuvuna, wakulima aliofanya nao kazi wakiwepo, na daftari lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Nakala moja iende maktaba, moja kwa ofisa ugani wa kata, na lenyewe, na vumbi lake, aondoke nalo mwenyewe.