Gari Inatetemeka Ikisimama? Iache Plagi Kwanza

Kwenye vijiwe vyetu vya Unguja, gari ikianza kutetemeka kwenye sailensi, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, hukumu huwa imeshatoka kabla boneti haijafunguliwa: tia plagi mpya. Plagi zikitiwa na mtetemo ukabaki, zinafuata koili. Baada ya koili inalaumiwa oksijeni sensa, kwa sababu mashine ya kusomea hitilafu imetoa namba P0171 na mtu kasikia kwamba namba hiyo ni ya sensa. Mwenye gari keshamaliza pesa za mwezi mzima, na ile Toyota IST yake bado inatikisa usukani kila ikisimama kwenye foleni ya Darajani.

P0171 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kompyuta imeongeza mafuta mpaka imekaribia ukomo wake, na bado sensa inaona oksijeni nyingi ndani ya moshi. Mara nyingi kwenye kesi hii yote, sensa ndiyo pekee iliyosema kweli.

Injini ya petroli inataka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya mafuta. Hewa ikizidi, mchanganyiko unakuwa mgumu kushika moto. Silinda moja inachoma, ya pili inaruka, na wewe unakaa kitini unatikiswa. Ubovu huu huonekana zaidi gari ikisimama kwa sababu wakati huo injini inavuta hewa kidogo mno. Tundu la ukubwa wa ncha ya kalamu linaingiza sehemu kubwa ya hewa yote inayotumika. Ukikanyaga mafuta, throtoli (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) inafunguka, hewa inakuwa nyingi, na lile tundu halina uzito tena. Ndiyo maana watu husema "ikiwa mwendoni iko poa".

Tofauti hiyo ya kusimama na kwenda mbio ndiyo kipimo chenyewe, na haihitaji gereji. Kifaa cha ELM327 cha Bluetooth, kinachochomekwa kwenye soketi ya kusomea hitilafu ya gari, na programu kwenye simu vinatosha. Kabla ya kugusa chochote, usifute namba za hitilafu. Ukizifuta unafuta pia ile picha ambayo kompyuta iliihifadhi taa ilipowaka: RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ilikuwa ngapi, injini ilikuwa baridi au moto, mzigo ulikuwa kiasi gani. Isome kwanza, iandike.

Kisha wacha injini ipate joto lake, zima kiyoyozi na taa, tia P na uvute hendibreki. Tafuta STFT na LTFT, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwa sasa hivi na kwa muda mrefu, uzijumlishe. Jumla ikicheza kati ya 5 chini ya sufuri na 5 juu yake, injini ina afya. Ikivuka 10 kuna jambo. Panda mpaka RPM 2500, shikilia nusu dakika, soma tena.

Tuseme jumla ni 24 gari ikiwa sailensi, na kwenye 2500 inashuka mpaka 4. Hapo hewa inaingia kwa njia ya pembeni, na pesa ya plagi ibaki mfukoni. Ikiwa ni kinyume, yaani ndogo ukisimama na inapanda ukikanyaga au ukipandisha vilima vya Pemba kutoka Chake kwenda Wete, basi mafuta hayafiki ya kutosha au sensa ya hewa (MAF, inayopima hewa inayoingia) inahesabu pungufu. Ikiwa kubwa kote kote, anza na presha ya mafuta na sensa ya hewa.

Kifaa kikikataa kuongea na gari, usikubali kuambiwa kompyuta imekufa. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya 2008 hayaelewani na vifaa hivi vya bei rahisi. Tafuta mwenye mashine inayosoma Toyota za Japani, umwambie akuoneshe namba hizo mbili, si kukusomea tu jina la hitilafu.

Sasa kutafuta hewa. Anza na mpira mkubwa wenye mikunjo unaotoka boksi la eakilina kwenda kwenye throtoli. Ukiutizama kwa juu utauona mzima. Ufa hukaa ndani ya mkunjo, upande wa chini, pasipofika jicho. Legeza klampu, uutoe kabisa, uukunje kwa mikono miwili mbele ya jua kama unavyokamua nguo. Ufa utafunguka na utaona mwanga. Gari ambayo inatulia kwenye N halafu inatetemeka ukitia D na kukanyaga breki mara nyingi ina kasoro mbili pamoja: maunti ya injini (mpira unaoishikilia) imechoka, injini inainama ikipata mzigo, na kule kuinama kunaufungua ule ufa. Fundi anabadilisha maunti, mtetemo unapungua, kila mtu anafurahi, na taa inawaka tena wiki ya pili.

Baada ya huo, fuata mipira myembamba: wa valvu ya PCV (inayovuta mvuke wa oili ndani ya injini), wa buta ya breki (inayousaidia mguu kukanyaga breki), na ule wa mvuke wa tangi. Magari yanatufikia yakiwa yameshatumika miaka mingi, na joto la hapa linaumaliza mpira uliobaki. Ukiubinya unavunjika kama kaki. Wa buta ya breki ubane kwa koleo iliyofungwa kitambaa, injini ikiwa inawaka. Ikitulia hapo hapo, tundu liko kwenye buta au kwenye mpira wake, na hilo lirekebishwe siku hiyo hiyo maana linagusa breki. Hakikisha pia kifuniko cha oili na kijiti cha kupimia oili vimekaa sawasawa. Kwenye gari yenye sensa ya hewa, hewa inayoingilia huko inavutwa na PCV bila kuhesabiwa.

Gasketi ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) na ringi za nozeli (zinazopulizia mafuta) huzioni kwa macho. Chukua chupa ya kupulizia maji, ile ya kunyunyizia maua, upulizie kidogo kidogo kwenye maungio. Pahala penye tundu maji yanaziba kwa sekunde moja na mlio wa injini unabadilika. Epuka koili na altaneta. Mpira wa mita moja, ncha moja sikioni na nyengine ukiipitisha kwenye maungio, nao unasaidia; utasikia mluzi. Mafundi wengi hupulizia kabu kilina (dawa ya kusafishia kabureta), na kweli inafanya kazi, lakini inawaka, na egzosi iko pale pale. Na kuna wanaotafuta tundu kwa moshi wa udi. Wazo zuri, ila chetezo chenye makaa hakina kazi chini ya boneti yenye mvuke wa petroli.

Egzosi nayo inaweza kudanganya. Chumvi ya bahari inakula flenji na gasketi zake. Ikivuja kabla ya sensa ya kwanza, hewa ya nje inavutwa ndani na kompyuta inadhani mafuta ni haba. Sikiliza mlio wa tik tik asubuhi injini ikiwa baridi, na utafute alama ya masizi meusi kwenye maungio.

Sensa ya hewa, kwenye Toyota nyingi, inatoka kwa skurubu mbili. Inasafishwa kwa dawa yake maalumu tu. Usiguse ule waya mwembamba wa ndani yake kwa kitambaa wala kupiga kompresa. Iache ikauke dakika 10. Injini ya lita 1.5 iliyopata joto, kwenye sailensi, huonesha takriban gramu 1.5 hadi 2.5 kwa sekunde.

Upande wa mafuta usibahatishe, pima presha. Kwa injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST nyingi, vitabu vya ufundi vinataka kPa 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50, na dakika 5 baada ya kuzima isishuke chini ya kPa 147. Ikiwa chini, filta ya ndani ya tangi imeziba au pampu imechoka. Kama gari imekaa muda mrefu au imetiwa mafuta ya dumu, toa kidogo kwenye chupa nyeupe, iache robo saa. Maji yatakaa chini na utaona mstari.

Kuna hali moja ambapo wanaokimbilia koili wanakuwa sahihi. Silinda isiyochoma inatoa oksijeni yake nzima kwenye egzosi, sensa inaiona, na kompyuta inaandika kwamba hewa imezidi. Ikiwa P0171 imekuja pamoja na P0301, namba ya silinda ya 1 isiyochoma, hamisha koili ya silinda ya 1 uipeleke ya 3. Namba ikigeuka P0303, nunua koili moja, si nne. Ikibaki P0301, tizama plagi ya silinda hiyo, kisha nozeli yake.

Nisichoweza kukisamehe ni kupandisha sailensi kwa skurubu ya throtoli ili mtetemo usisikike. Gari inatulia, ndiyo, kwenye RPM 1100, inakunywa mafuta na inaruka mbele kila ukitia D. Tundu liko pale pale. Sailensi ya gari hizi ikipata joto ni kama 650 hadi 750, na gari nzima inatulia hapo bila kulazimishwa.

Ukimaliza kutengeneza, futa namba za hitilafu, endesha gari siku mbili tatu kwa safari za kawaida, kisha soma tena LTFT ikiwa sailensi. Ikikaa karibu na sufuri, kazi imekwisha. Ikirudi 12, kuna mpira mwengine hujaufikia.