Tumbo Limejaa, Mwezi wa Tatu

Sanduku la posta ninalotumia ni la baba mkwe. Alilipata enzi zile akiwa karani wa shamba la mkonge, akastaafu nalo, na ufunguo wake anautunza kuliko wa nyumba. Aliponiruhusu kulitumia alinipa sharti moja tu: namba ya sanduku lake iandikwe kwa wino wa bluu-nyeusi. "Wino wa karani," alisema. "Hizo rangi zenu za harusi kaandikieni kwingine."

Mzee hakuwa anatania. Wino huo wa zamani hutengenezwa kwa chumvi ya chuma na vivimbe vya mti wa mwaloni. Ukiuandika unatoka umepauka, unadhani umeibiwa dukani. Baadaye ile chuma inakutana na hewa, maandishi yanaiva na kuwa meusi, na maji hayayatoi tena. Ndiyo maana Uingereza wasajili wa ndoa na vifo waliandikia huo kwenye madaftari yao. Wino wa feruzi, zambarau na wenzake ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji basi, na nyingi zikikutana na maji mara ya pili zinarudi kwao.

Mimi ni mmoja wa watu wachache wenye ugonjwa wa kalamu za wino. Tuko Tanga, yuko mmoja Mombasa, wengine Arusha na Dar, na kila mwezi tunatumiana kadi za posta zilizoandikwa kwa mkono. Pembeni mwa kadi unataja kalamu, nibu, yaani ncha yake ya chuma, na wino uliotumia. Habari zenyewe huwa hazina uzito: leo nimesafisha nibu, karatasi hii inanyonya, wino huu unachelewa kukauka na joto la Tanga lenye unyevu ndiyo kabisa. Mke wangu alisoma kadi mbili tatu akarudisha mezani. "Kwa hiyo mnaandikiana kuhusu kuandikiana," akasema, akaenda zake jikoni.

Sasa, kuna fundi saa hapa mtaani Chumbageni aliyekuwa na kalamu kuukuu ya kampuni ya Pelikan, ya mistari ya kijani, ile ya kuvuta wino kwa pistoni. Kampuni hiyo ilianza kuuza kalamu za pistoni mwaka 1929, na raha yake ni kwamba kalamu nzima ni tangi: unazungusha kitako, inakunywa wino hadi inashiba. Sisi tunapaita hapo tumboni. Fundi akakubali niilipe kwa mafungu, ila hadi deni liishe kalamu ilale dukani kwake. Nikawa nakwenda baada ya isha, nakaa kwenye benchi lake katikati ya saa zisizokubaliana, naandika, narudi nyumbani. Mke wangu nilimwambia nakwenda barazani. Baraza ipo kweli, nilikuwa napita mbele yake.

Mwezi ule tulikubaliana kila mtu aandike kadi moja kwa kalamu mbili na wino wa aina mbili. Nikachukua Pelikan yenye feruzi, na kalamu yangu ya zamani yenye bluu-nyeusi ya Mzee. Maneno ya kupita nikayaandika kwa feruzi, yale ninayotaka yasimame nikayatia bluu-nyeusi. Jina na anwani ya rafiki wa Mombasa nikaziandika kwa feruzi kwa madaha yote niliyojaliwa, na anwani ya kurudishia, kama sharti lilivyo, bluu-nyeusi. Kadi ilisomeka hivi:

"Kalamu imefika pazuri. Mke wangu hajui bei yake. Kwa sasa inalala Chumbageni kwa fundi, nami nakwenda kuiandikia kila usiku. Tumbo limejaa wino na haijavuja hata tone. Huu ni mwezi wa tatu nalipa, karibu namaliza. Niombee."

Nikabandika stempu, nikampa shemeji yangu mdogo aliyekuwa anakwenda mjini kwa baiskeli. Ilikuwa masika. Mvua ilimkuta njiani, naye akaiweka kadi kwenye mfuko wa shati, upande wa kifua, akiamini hapo ndipo salama. Alipofika posta akaitumbukiza kama ilivyo. Kule ndani wakakuta kadi isiyo na mwandikiwa, pale palipokuwa na Mombasa pamebaki bahari tupu, lakini ina anwani ya kurudishia nyeusi, safi, inasomeka hata bila miwani. Wakafanya kazi yao. Wakairudisha kwenye sanduku la baba mkwe.

Tangu Waaustria waanzishe kadi ya posta mwaka 1869, kadi haina bahasha. Mzee hakufungua barua ya mtu. Alisoma kilichokuwa wazi.

Aliponipigia simu alisema, "Njoo. Una kadi yako hapa," akakata kabla sijamaliza shikamoo. Nikaenda kwake Ngamiani nikiwa na furaha zangu, nikijua nimeandikiwa na mtu.

Barazani walikuwa Mzee, shangazi wa mke wangu, mke wangu mwenyewe ambaye asubuhi aliniambia anakwenda kumsalimia mama yake, na shemeji mwenye baiskeli akitazama vidole vya miguu yake. Mama mkwe alitoka na kahawa, akawapa wote, akaniruka. Kisha akageuka taratibu na kusimama, anipe nafasi ya kusoma kanga mgongoni: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO.

Mzee akavaa miwani. Akaishika kadi mbali kidogo na uso, kama zamani alivyokuwa akisoma orodha ya mishahara.

"Mke wangu hajui," akasoma.

Akanitazama.

"Chumbageni."

"Astaghfirullah," akasema shangazi.

"Kila usiku." Akageuza kadi, akairudisha. "Tumbo limejaa." Hapo sauti yake ilipungua, kwa sababu kuna maneno mkwe hamsomei mkwe. "Mwezi wa tatu. Niombee."

Feruzi ilikuwa imekwenda yote. Pelikan ya watu haikuacha hata nukta, palibaki doa la rangi ya bwawa na maneno ya kalamu yangu ya zamani yakiwa yamekaa imara, meusi, kama hati ya mahakama.

"Baba," nikasema, "hilo tumbo ni la kalamu."

"Kalamu ina tumbo?"

"Inalo, Baba. Ndimo wino unamokaa."

"Na mwezi wa tatu?" akauliza shangazi. "Nao ni wa kalamu?"

"Huo ni wa malipo, Shangazi."

"Kumbe na kulipa unalipa!"

Mke wangu hakusema kitu. Alikuwa anakunja ncha ya mtandio, anaikunjua, anaikunja. Mzee alitikisa kichwa. "Tanga hii hii imemzaa Shaaban Robert," akasema. "Karani wa forodha, mtu wa kalamu. Wewe kalamu umeifanyia haya."

Nikaomba aitwe fundi saa. Niliona ndiye shahidi wangu. Shemeji alitumwa na baiskeli yake, na ningekuwa na akili timamu ningekwenda mwenyewe, maana huyu hakumweleza fundi lolote zaidi ya "unaitwa kwa Mzee, ni kuhusu yule bwana". Fundi akaja akidhani wakwe zangu wanataka kunidhamini deni. Akaamkia, akakaa, akakataa kahawa mara moja kisha akaipokea.

"Huyu mwanetu unamfahamu?" akaanza shangazi.

"Namfahamu sana."

"Anakuja huko Chumbageni?"

"Kila usiku, mama. Tena nikitaka kufunga ananiomba dakika tano."

"Na ni kweli ni mwezi wa tatu?"

"Wa tatu huu," akasema fundi kwa fahari. "Mwaminifu. Hajakosa hata mwezi mmoja."

Mama mkwe, aliyekuwa amerudi mlangoni, aliingia ndani akafunga mlango.

"Sasa," akasema Mzee, pole pole, "huyo aliyeko kwako, tunaweza kumwona?"

"Ninaye hapa," akasema fundi, akatia mkono mfukoni.

Sijawahi kuona baraza ikinyamaza namna ile. Fundi akatoa kitambaa cha kufutia vioo vya saa, akakikunjua magotini, na ndani yake ikalala Pelikan. Shangazi aliinama kuitazama, akatazama nyuma ya fundi, akaitazama tena kalamu.

Mzee akaichukua. Akafungua kifuniko, akainua nibu kwenye mwanga, akaomba karatasi. Ikaletwa kalenda ya mwaka uliopita. Nyuma yake akaandika jina lake lote na la baba yake, herufi zimelala upande mmoja kama askari wa gwaride. Akaliangalia. Akaandika tena, safari hii na saini. Nilipomweleza mpangilio wa feruzi na bluu-nyeusi hakuniuliza swali hata moja. Alielewa palepale, na nadhani alifurahi kwamba wino wake ndio uliobaki. Shangazi akacheka hadi akashika ubavu. Mlango wa mama mkwe ukafunguka, nikaletewa kahawa yangu na kashata mbili.

Nikajua yameisha. Ndipo mke wangu akaweka mtandio sawa, akamgeukia fundi.

"Hapa imeandikwa 'mke wangu hajui'. Sijui nini?"

Nilimkonyeza fundi. Fundi saa ana jicho moja la kukuzia, hilo lingine halioni mambo ya namna hiyo.

"Bei," akasema. "Laki na themanini. Kesha leta laki na ishirini, bado sitini."

Shangazi aliacha kucheka. "Ya kalamu?" Akamtazama mpwa wake kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, bora angekuwa mwanamke. Mwanamke angekusaidia hata kufua."

Mzee alikohoa. Akasema sitini atatoa yeye, jambo liishe, aibu isitoke barazani. Kisha Pelikan ikaingia kwenye mfuko wa kanzu yake, na hiyo laki na ishirini yangu hakuitaja mtu.

Rafiki wa Mombasa nilimwandikia upya, kwa peni ya kawaida, ndani ya bahasha niliyoigundisha mara mbili. Amenijibu kwa zambarau nzito, kwenye kadi, wazi kwa kila mtu, kwamba nimevunja kanuni zote na kwamba eti ana haki ya kujua ile kalamu yangu ya Chumbageni inaendeleaje.