Dodoma bila gari: nauli haisumbui, inasumbua saa tatu usiku

Ofisini kwetu vijana tumegawanyika makundi mawili, na safari hii si Simba na Yanga. Kuna waliokopa wakanunua gari dogo, Toyota IST, na kuna sisi tunaosubiri daladala. Umri wetu ni mmoja, kati ya miaka 25 na 35, mishahara inapishana kidogo tu, na kila upande unaamini wenzao wamepotea. Wa IST wanasema tunajitesa kwa ubahili. Sisi tunasema wao wanaendesha deni. Nina miaka minne upande wa daladala, kwa hiyo nikionekana kuegemea, nimeegemea kweli. Ila kadiri siku zinavyokwenda naona kundi letu tunashinda ubishi kwa hoja ambayo haina uzito tunaodhani inao.

Hoja yenyewe ni nauli. Napanga Kisasa, kazi iko mjini, umbali haufiki kilomita 10. Nauli ya umbali huo LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, waliipandisha Desemba 2023 kutoka shilingi 500 hadi 600. Kwenda na kurudi ni 1,200, na kwa siku 22 za kazi inakuwa 26,400. Jirani yangu mwenye IST anaenda njia hiyohiyo na anachoma kama lita moja kwa siku, mizunguko ya mchana ikiwemo. Tuweke lita kwa 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, maana bei za mafuta zinazotangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati, hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Anamaliza 66,000. Tofauti yetu ni elfu arobaini kasoro. Hiyo si hela ya kumwita mtu mpotevu.

Gari linaumiza kwenye makato. Wengi wetu tulisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, na asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka kabla hatujauona. Inafuata hifadhi ya jamii, bima ya afya, kodi, halafu ndipo mkopo wa gari unapanda juu ya mgongo huohuo. Utaratibu unataka mtumishi asibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Nawajua watu wanaoishi kwenye mstari huo hasa: tarehe 17 gari limelala chini ya mwarobaini, mwenyewe tunabanana naye kwenye kipanya, kanyoosha shati kana kwamba gari liko gereji. Na bei ile inayotamanisha kwenye tovuti za Japani haijaguswa na ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na tozo ya uchakavu kwa gari lililozeeka.

(Kwa wanaosema wasio na magari hatuchangii barabara: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, mzigo ukahamishiwa kwenye mafuta. IST iliyolala chini ya mwarobaini haichangii kitu. Kipanya kilichonibeba kimechangia, na mimi ndani yake.)

Sasa nigeuze upande wa pili, ambao sisi wa daladala huwa tunauruka.

Hesabu yangu ya 26,400 ni ya mtu anayetoka kazini saa kumi na nusu na kurudi moja kwa moja nyumbani. Maisha ya kijana hayaendi hivyo. Kuna darasa la jioni, kuna kikao cha harusi ambacho hakijawahi kuanza kwa wakati, kuna mgonjwa hospitali, kuna biashara ya kando inayotaka ufunge saa mbili. Dodoma inalala mapema. Ikikaribia saa tatu usiku daladala zinaanza kuhesabika, na zilizobaki zinakatisha ruti: konda anatangaza mwisho wa gari ni hapa, shukeni. Kutoka hapo ni bajaji au bodaboda, na safari niliyolipa 2,000 mchana inaitwa 4,000. Nikichelewa mara mbili tu kwa wiki, mwezi unakula 32,000. Zile elfu arobaini kasoro nilizokuwa nikijisifia karibu zote zimekwisha.

Kwa kaka zangu habari inaishia kwenye hela. Kwa dada haiishii hapo. Kila binti ninayemjua mjini hapa ana bodaboda wake: namba imehifadhiwa, sura inajulikana, kijiwe kinajulikana. Asipopokea simu, jioni nzima inabadilika. Unampanda usiyemjua, unamtumia mwenzako wa nyumbani namba za pikipiki, unaongea na simu ambayo upande wa pili hakuna mtu. Nimeacha kozi moja ya jioni niliyoitaka sana kwa sababu ilikuwa inaisha saa mbili na dakika arobaini. Kwenye daftari la matumizi hilo halionekani popote, na kimahesabu nilitunza fedha. Mwenzangu wa IST aliimaliza.

Kinachoniudhi ni kwamba mji huu ulichorwa kwa ajili ya watu kama mimi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973. Mpango kabambe uliofuata, wa 1976, ulioandaliwa na kampuni ya Toronto, Kanada, ulimtanguliza mtembea kwa miguu, baiskeli na basi, gari binafsi likawekwa nyuma. Ulikuwa wakati wa Ujamaa, na wazo lilikuwa mji wa makazi yaliyojitosheleza, mtu afike shule na dukani kwa miguu, basi liunganishe kitongoji na kitongoji. Halafu serikali ikachukua zaidi ya miaka arobaini kuhama kweli. Ilipohama, kuanzia 2016, ilikuja kwa kishindo: wakazi waliohesabiwa 2012 walikuwa 410,956, na sensa ya 2022 ikakuta 765,179. Wizara zikaanza kuhamia Mtumba mwaka 2019, nje kabisa kwenye barabara ya Dar es Salaam, ambako ukishushwa lami kuu bado una kipande cha kutembea juani au kulipia bodaboda.

Daladala zimebaki kwenye mikono minne ileile: barabara ya Dar, ya Iringa, ya Singida na ya Arusha. Ukiwa juu ya mkono mmojawapo, mchana huna shida kubwa. Ukitaka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, tuseme Nkuhungu kwenda Miyuji, unaingizwa kwanza katikati ya mji, unashuka, unapanda nyingine, unalipa tena. Mwenye IST anakatiza kwa njia za vumbi na kufika wewe hujapata siti ya pili.

Baiskeli? Dodoma haina milima ya kutisha, na wauza maziwa wanathibitisha kila asubuhi kwamba inawezekana. Lakini kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wa hapa unakurudisha ulikotoka na vumbi juu, na sijaona ofisi yenye mahali pa kunawa miguu. Nimejaribu wiki mbili. Nilichekwa, hilo nililivumilia, upepo sikuuweza.

Ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo makundi yote mawili hatulisemi tukibishana. Swali la gari huwa limeshajibiwa kabla hujalifikia, na limejibiwa siku ulipochagua pa kulala. CDA, mamlaka iliyosimamia ujenzi wa makao makuu na ardhi ya mji, ilivunjwa Mei 2017, kazi ya ardhi ikaenda kwa halmashauri, na viwanja vikapimwa na kuuzwa kwa wingi. Tulio na akili za "kiwanja kwanza, gari baadaye" tulikimbilia huko, mimi nikiwemo. Bei nzuri, hati ipo, mawe ya mipaka yapo. Daladala haipo. Rafiki yangu mmoja alijibana miaka mitatu bila gari, akajenga vyumba viwili huko pembezoni, akahamia, na mwezi wa nne akakopa akanunua gari. Kila safari ya bodaboda kutoka lami hadi kwake ilikuwa inamla, na masika, maana mvua zetu zote zinakuja Desemba hadi Aprili, hata bodaboda hawakutaka kuvuka korongo. Wenzake wakamwita mwenye tamaa. Mimi naona gari alilinunua siku alipolipia kiwanja, ila risiti ilichelewa.

Na kinyume chake kipo. Anayelipa kodi kubwa kidogo kukaa karibu na lami, kwenye ruti ambayo gari la mwisho ni la uhakika, ameshalipa sehemu ya gari ndani ya kodi hiyo. Tukiwalinganisha watu wawili kwa nauli na mafuta pekee, tunaiacha kodi nje, na ndiyo kubwa kuliko vyote, tena mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo.

Nisiwasahau wa IST kwa jambo moja linalowaelemea kimyakimya. Gari la kijana wa kwanza kwenye ukoo halibaki lake. Linampokea shangazi akishuka treni usiku, linapeleka jeneza la jirani Kongwa, linakwenda Bahi kuleta magunia ya mpunga, na mafuta hakuna anayeuliza. Jirani yangu aliniambia yeye ni ambulensi yenye mkopo. Mimi nikisema sina usafiri, mazungumzo yanaishia hapo, na sikatai kwamba raha hiyo imo kwenye sababu zangu.

Mkataba wangu wa Kisasa unaisha mwezi wa tatu. Nimeonyeshwa chumba na sebule upande wa Nzuguni, kodi imepungua kwa robo, na dalali anaapa kwamba usafiri upo saa zote. Dalali mwenyewe alikuja na pikipiki yake. Ijumaa nikitoka kazini nitakwenda kukaa kwenye kituo kile kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku, nihesabu zinazopita na zinazokatisha. Zikizidi sita, nahama.