Sekunde 12 kabla ya tetemeko: ni kelele tu au kuna cha maana?

Kila tetemeko kubwa likipita ubishi ni uleule. Wengine wanasema mifumo ya tahadhari ya mapema ni kuchoma hela, eti sekunde kumi mtu atafanya nini, bora pesa yote iende kwenye nondo na nguzo. Wengine wanasema hizo sekunde zinaokoa watu. Wa kwanza wana hoja na nitaifikia, ila hawa wa pili naona hawaeleweki kabisa, watu wanadhani wanadai kutabiri. Hakuna anayetabiri hapa, tetemeko limeshatokea, kinachofanyika ni kuyawahi mawimbi yake yakiwa njiani.

Mwamba ukikatika huko chini unatoa mawimbi ya aina mbili kwa mpigo. Ya P yanasukuma na kuvuta kuelekea yanakokwenda, kwenye tabaka la juu la dunia yanaenda kama kilomita 6 kwa sekunde, na mara nyingi hayavunji kitu. Ya S yanatikisa kiubavu, mwendo wake kama kilomita 3.5 kwa sekunde, na hayo pamoja na yale yanayotambaa juu ya ardhi ndo yanayoangusha nyumba. Sasa piga hesabu uko kilomita 100 kutoka kitovu, yaani pale tetemeko lilipoanzia: P inakufikia baada ya sekunde 17, S baada ya 29 hivi. Tofauti 12. Watu wakishaiona hiyo 12 wanafunga daftari, wakati hesabu haijaisha, maana mfumo hausubiri P ikufikie wewe, unaidaka kwa kipimo kilichopo jirani na kitovu halafu taarifa inarushwa kwa redio au waya, na hiyo inafika papo hapo. Toa sekunde za P kufika kwenye kipimo na za kompyuta kujiridhisha, bado unabaki na kama 20.

Na hizo 20 siyo za kushuka ngazi mbio kutoka ghorofa ya nane, kosa liko hapo. Ni za mashine kwanza: lifti isimame ghorofa ya karibu mlango ufunguke, valvu ya gesi ijifunge, treni ipunguze mwendo. Japan mwaka 2011, treni za kasi za kaskazini mashariki zilishaanza kufunga breki kabla mtikisiko mkubwa haujafika, na hakuna abiria aliyekufa ndani yake.

Halafu kuna Mexico City. Tetemeko la Septemba 1985, ukubwa wa 8.0, lilianzia pwani ya Pasifiki zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini, lakini jiji limekaa juu ya udongo laini wa ziwa la zamani na udongo ule uliyakuza mawimbi, maelfu ya watu wakafa. Umbali haukuwaokoa, ila ungewapa muda! Wakajenga mfumo wao na vipimo wakavipanga pwani, na Septemba 1995 ving'ora vikalia sekunde 72 kabla mtikisiko haujafika jijini. Nani atasema 72 ni kidogo?

Haya, wapinzani. Septemba 2017 tetemeko la 7.1 lilitokea kama kilomita 120 tu kutoka jiji hilohilo, king'ora kikalia karibu sawa na ardhi kuanza kutikisika, wakafa zaidi ya watu 300. Yaani ukiwa karibu na kitovu, ambako ndo kunapigwa vibaya zaidi, huna sekunde hata moja, utaokolewa na jengo imara basi. Hapo sibishani nao, jengo bovu ni jengo bovu hata ukipewa dakika mbili.

Ila wana hoja kali zaidi ambayo sioni wakiitumia. Tetemeko kubwa halikatiki mara moja, lile la 2011 mwamba uliendelea kupasuka kwa dakika kama tatu, kwa hiyo kompyuta ya sekunde za mwanzo ililiona dogo kuliko lilivyokuwa. Na Januari 2018 mfumo huohuo wa Japan ulichanganya matetemeko mawili madogo ya sehemu tofauti ukatoa tahadhari ya uongo. Ukisubiri uhakika unakula sekunde zilezile unazotaka kuwapa watu, usiposubiri utawashtua bure. Mimi nachagua kushtuliwa bure: lifti iliyosimama ovyo inawashwa tena.