Wakirudisha Saa Nyuma Marekani, Usingizi Unakatwa Likoni

Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha nyuma saa zao walizozisogeza mbele Machi, wakalala saa nzima ya ziada. Jumatatu yake mimi hulala saa nzima pungufu. Ni saa ile ile. Wao wameongezewa, mimi nimepunguziwa, na hakuna aliyeniuliza.

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja katika ofisi moja huku Nyali. Wateja wenyewe wako mashariki mwa Marekani, na duka lao hufunguliwa saa tatu asubuhi kwa saa za kwao. Kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Novemba, saa tatu hiyo huangukia saa kumi alasiri hapa Mombasa, kwa hiyo tunatoka saa sita za usiku. Saa zao zikisharudishwa nyuma, tunaingia saa kumi na moja na kutoka saa saba usiku. Kwenye karatasi ya mkataba hakijabadilika kitu: zamu ile ile, urefu ule ule, mshahara ule ule.

Barabarani ndiko kwenye tofauti. Saa sita za usiku bado kuna uhai: muuza viazi karai hajafunga, tuktuk bado zinagombania abiria, na ukiwa mwanamke peke yako bado unaona wanawake wengine wanaorudi makwao. Saa saba mji umekwisha kulala. Novemba iliyopita gari la ofisi liliendelea kuja saa sita na robo kwa siku nne mfululizo, kwa sababu mwenye gari hakuna aliyemjulisha kwamba zamu imesogea. Anafika, anapiga honi, anaambiwa bado hatujatoka, anaondoka; ana kazi nyingine ya alfajiri. Sisi tukitoka tunakuta lango tupu. Tulikuwa watatu, sote wanawake, tumesimama chini ya taa ya mlinzi, mmoja ameshika viatu mkononi kwa sababu miguu imevimba. Tuktuk iliyopatikana ilitaka mara mbili ya nauli ya kawaida, na dereva hakuwa na kosa, maana saa hiyo anarudi mtupu. Kivukoni tukangoja feri, na usiku feri huwa chache. Nilipofungua mlango wangu Likoni ilikuwa saa nane kasorobo.

Mwanangu yuko gredi ya tatu. Huamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mimi lazima niwe nimemtangulia, kwa sababu ya chai, sare na nywele. Shule yake haikusogea, na adhana ya alfajiri haikusogea. Kilichosogea ni saa yangu ya kulala, nayo haina pa kwenda.

Mama yangu, ambaye hashikwi na usingizi mpaka asikie komeo la mlango, aliniuliza usiku ule, “Mwanangu, kwani huko kwao jua limechelewa?” Nikamweleza kwamba kwao majira ya baridi mchana ni mfupi, kwa hiyo wanarudisha saa nyuma ili asubuhi isiwe giza sana. Akafikiri kidogo. “Si wangeingia kazini saa nyingine, saa wakaiacha mahali pake?” Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na ninaona hoja yake bado imesimama.

Nawaelewa wenzetu wa huko, sitaki kuwadhulumu. Mchana wa Desemba London haufiki urefu wa saa nane; wa Juni unapita saa kumi na sita. Mtu anayeishi na jua la namna hiyo ana haki ya kuhangaika nalo. Mwishoni mwa karne ya 19, George Hudson wa New Zealand, aliyekuwa akikusanya wadudu baada ya kazi, alipendekeza saa zisogezwe mbele kiangazi ili jioni iwe na mwanga zaidi. Hakusikilizwa. Vita ndiyo iliyoleta jambo lenyewe: Ujerumani ilisogeza saa mwezi wa Aprili 1916 ili kuokoa makaa ya mawe, na Uingereza ikafuata Mei mwaka huo huo. Vita vimekwisha zamani, desturi imebaki.

Hapa Mombasa, nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, jua halina vurugu hizo. Kati ya siku linapowahi kuchomoza na siku linapochelewa sana, mwaka mzima, tofauti haifiki dakika 40. Ndiyo maana Mswahili alianza kuhesabu saa pale mwanga unapoanza: saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana kuisha, saa kumi na mbili jioni mchana umekamilika. Hesabu hii ni tamu kwangu na sioni haya kuisema. Hata saa ya serikali haikai sawasawa na jua letu. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, na sisi tuko magharibi yake, kwa hiyo jua la Mombasa hufika utosini, kwa wastani, kama dakika 20 baada ya saa sita. Mwenye kalenda ya sala ukutani anaiona tofauti hiyo kwenye mstari wa Adhuhuri na anaifuata bila kuzungusha mshale wowote.

Wengi hapa mjini huzijua saa za Ulaya kupitia mpira. Mechi za Uingereza za Jumamosi zinazoanza saa tisa alasiri kwao, kwetu huanza saa kumi na moja wakati wa kiangazi chao na saa kumi na mbili wakati wa baridi. Vijana wa mtaani kwetu wanalijua hilo vizuri kuliko mhasibu yeyote, kwa sababu ya Maghrib: msimu mmoja adhana inaingia kipindi cha pili, msimu mwingine kipindi cha kwanza. Mechi kubwa za usiku za katikati ya wiki huhama kutoka saa nne hadi saa tano, na mwenye kibarua cha bandarini alfajiri huzima redio kabla ya mapumziko. Huo ni usumbufu mdogo, na mtu ameuchagua mwenyewe.

Kaka yangu hakuchagua. Ni wakala wa forodha pale Kilindini, na karatasi zake nyingi hutoka kwa ofisi moja ya meli iliyoko Hamburg. Hamburg wakifungua saa mbili asubuhi yao, kiangazi huwa saa tatu kwetu, baridi huwa saa nne. Ukisikia hivyo utasema saa moja si kitu. Lakini ichukue siku ya Ijumaa. Saa sita anaondoka mezani kwenda msikitini. Kiangazi ana saa tatu za kuwapigia, kungoja jibu na kurekebisha jina lililoandikwa vibaya kwenye hati. Baridi zinabaki mbili. Likimpita hilo, karatasi inarudi Jumatatu, na kontena linaendelea kukaa yadi likihesabiwa siku. Mteja wake wa Kongowea haelewi habari za majira ya Hamburg. Anachoelewa ni bili.

Baya zaidi ni zile wiki za katikati. Tangu 2007 Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi; Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho. Kwa wiki mbili au tatu, basi, New York na London haziko katika tofauti yao ya kawaida ya saa, na sisi tulio mbali na wote wawili ndio tunaoangukia kwenye ufa. Kabla ya kazi hii nilikuwa nikiandika hesabu za kampuni ya Uingereza nikiwa nyumbani. Kila Jumatano tulikuwa na kikao na mteja wa New York, saa kumi na mbili jioni ya Mombasa. Wiki ile ya Machi nilikuwa sokoni Kongowea, fungu la nyanya mkononi, saa kumi na moja na robo, simu ikaanza kulia. Kikao kilikuwa kimeanza, kwa sababu kilifuata saa ya New York na New York ilikuwa imesogea. Nilijiunga nikiwa katikati ya wauza vitunguu, sina kompyuta, sina hesabu zangu. Mwisho wa mwezi nikakatwa posho ya mahudhurio. Nilieleza kwamba saa yangu haikusogea hata dakika moja, waliosogea ni wao. Nikaambiwa mfanyakazi makini hujipanga.

Neno hilo limenikaa rohoni, na ndilo linaloniandikisha leo. Tarehe hizi haziji kwa dharura. Zimewekwa kwa sheria. Mtu anaweza kuzitaja za miaka kumi ijayo akiwa ameketi. Meneja anayepanga zamu za Novemba mwezi wa Septemba anajua kabisa siku gani watu wake wataanza kutoka saa saba usiku. Kama gari halikuambiwa, aliyekosa kujipanga si yule aliyesimama langoni ameshika viatu.

Nimesikia pia jibu la kwamba tukidai sana kazi itahamia kwingine. Iende wapi? Wahindi hawasogezi saa. Wafilipino hawasogezi. Afrika Kusini hawasogezi. Karibu kila nchi inayopokea simu za Wamarekani na Waingereza usiku ina saa iliyotulia kama yetu, na mfanyakazi wa Manila naye, mwezi wa Novemba, usiku wake unasogezwa hivyo hivyo. Gharama hii ipo popote simu inapopokelewa. Swali ni nani anailipa, na mpaka sasa analipa mwenye kupokea simu, kutoka kwenye usingizi wake na nauli yake.

Kuwangoja wenyewe waache si mpango. Bunge la Ulaya lilipiga kura Machi 2019 kufuta desturi hii, na serikali zao hazijakubaliana mpaka leo. Seneti ya Marekani ilipitisha mswada wake Machi 2022, ukafia bungeni. Uturuki waliacha 2016, sasa saa zao ni sawa na zetu mwaka mzima, lakini Misri walioacha wamerudi tena 2023. Watasogeza na kurudisha kwa muda mrefu bado.

Kwa hiyo ninachotaka ni kidogo na kinawezekana hapa hapa Mombasa. Mkataba utaje saa zetu, msimu wa kiangazi chao na msimu wa baridi yao, ili mtu anayeomba kazi ajue tangu mwanzo kwamba miezi minne kwa mwaka atatoka saa saba. Saa hiyo inayoingia baada ya usiku wa manane kuanza ilipwe kama kazi ya usiku. Na kikao kikiitishwa, aandike mwitishaji saa ya Mombasa, yeye aliyesogeza mshale ndiye afanye hesabu.

Juzi tumeandika barua kwa meneja. Tumetia sahihi watu kumi na mmoja, na yule mwenzetu wa viatu ndiye aliyeipeleka, kwa sababu meneja humsikiliza. Tulibishana kidogo nini kitangulie. Wengine walitaka malipo yawe juu. Mwishowe tumeanza na gari: lije saa saba na robo, kuanzia usiku wa Jumatatu ya kwanza baada ya saa kurudi, na namba ya simu ya dereva ibandikwe ukutani.